Jokofu la Mkoe

Mvinyo wa Mkoe hutengenezwa na vitu vitatu: bahari, kilima, na mimi. Bahari na kilima vimechorwa kwenye chupa. Mimi sijachorwa, na nimeshalalamika.

Kazi yangu ni koki. Kuna mabomba kumi na mawili yamezamishwa kwenye ghuba yetu, kila moja lina upana wa kumeza ng'ombe bila kumtafuna, na yanashuka mita mia nane mpaka kule ambako maji hayajawahi kusikia habari za jua. Nikifungua koki, maji yale yanapanda. Yakifika juu yanakutana na hewa ya Lindi, na hewa inashtuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji mgongoni. Inageuka ukungu. Upepo wa kusi unausukuma ukungu nchi kavu, unapanda nao mteremko, unagonga Kilima cha Likonde, unatua juu ya zabibu na kuzilalia mpaka saa tatu asubuhi, kama kuku na mayai yake.

Wenye shahada wameupa mtambo huu jina refu lenye herufi kubwa tupu. Sisi tunauita Jokofu.

Zamani zabibu zilikuwa za Dodoma. Joto lilipozidi kule, zikawa zinaiva mchana na kukauka jioni, mkulima anakwenda kuvuna mvinyo, anarudi na zabibu kavu za pilau. Zabibu ya mvinyo inataka jua la kuipa sukari, halafu inataka ubaridi wa kuizuia isiumalize uchachu wake haraka. Pwani yetu jua tulikuwa nalo, tena la kugawia majirani. Baridi tukaiagiza kutoka chini ya bahari.

Mimi mwenyewe sinywi. Anayeniuliza inakuwaje binti wa Kiislamu afanye kazi kwenye shamba la mvinyo, namjibu kwamba nachunga ukungu, na ukungu haujaharamishwa popote.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane, zimebaki siku kumi na moja tuvune. Saa nane mchana nilikuwa juu ya mnara wa koki nikifuta vioo vya vipimo kwa kanga kuukuu, nikaona mtu anapanda barabara kwa baiskeli ya jua, anakanyaga. Jua lipo, tena la kukaangia mayai, na yeye anakanyaga. Ni mtu mmoja tu namjua anayekanyaga baiskeli inayojiendesha, kwa sababu haiamini. Mjomba Akibu.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Kwetu Wamwera mjomba hamfuati mtu kazini. Mjomba anakuita, wewe unakwenda. Akija yeye, kuna msiba au kuna posa, na mimi hakuna kijana aliyekuwa amefikia ujasiri huo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo, Somoe?"

"Sijambo. Nyumbani wazima?"

"Wazima." Hakukaa. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kifurushi cha kitambaa. Akakifungua, akatoa tawi la mkorosho lenye maua. Ua la korosho huwa na wekundu wa mbali, kama shavu la mtu mwenye aibu. Haya yalikuwa meupe, utadhani mtu ameyachovya kwenye pipa la unga wa muhogo.

"Ubwiriunga," nikasema.

"Nusu ya Namtamba iko hivi. Nusu nyingine inachanua wiki hii."

Hakuwa na haja ya kuendelea. Ua lililoshikwa na ubwiriunga halizai, na mkorosho hauchanui mara ya pili kwa sababu umeuonea huruma. Namtamba iko nyuma ya kilima, kilomita saba kutoka baharini, kaya mia nne, na kila kitu pale hutoka kwenye korosho: paa, sare za shule, mahari, safari ya Hija. Mikorosho arobaini ni ya ukoo wetu. Bibi yangu alizaliwa chini yake, si kwa kupenda, mama yake alikuwa anaokota korosho.

"Hamkupuliza salfa?"

"Salfa hupulizwa kabla. Ukishauona unga, unapulizia maiti." Akanitazama. "Ukungu wenu ulikuwa unaishia kilimani. Mwaka huu unavuka. Majani yanadondosha maji mpaka saa nne asubuhi. Hukujua?"

Nilijua. Miaka iliyopita tulikuwa tunafungua koki nane. Mwaka huu bahari yenyewe ilipata joto, ukungu ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, tukafungua zote kumi na mbili. Kutoka mnarani nilikuwa nauona ukivuka mgongo wa Likonde na kumwagikia upande wa pili. Na wiki tatu nyuma, nilipokwenda Namtamba kwenye maulidi, nililiona ua la kwanza jeupe.

"Nilijua," nikasema. "Nikamwambia Mbano."

"Lini?"

"Siku ileile niliyorudi."

"Ulimwambiaje?"

Hapo nikanyamaza. Wanaonijua watakuambia kwamba hilo lilikuwa ajabu kubwa kuliko Jokofu.

*

Osmund Mbano ndiye mkuu wa shamba la Mkoe. Ni Mngoni wa Peramiho, mtu mzima, mnene wa furaha, anayeweza kuonja zabibu moja na kukuambia ilikuwa mstari wa ngapi. Na Mngoni kwa Mmwera ni mtani. Babu zao walikuja na mikuki kuwafukuza babu zetu, kisha pande zote zikachoka, zikaona heri wacheke milele. Mtani hakasirikiwi. Mtani anakuvua kofia msibani, anakula nyama yako jikoni, anakutukania ukoo wako mbele ya wakwe, na wewe unatafuta la kumrudishia.

Siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza kabila. Nikamwambia. Akasema, "Ahaa, wale tuliowakimbiza mpaka mapangoni."

Nikamjibu, "Tulikwenda kuwatafutia pa kulala. Mlikuja bila mikeka."

Tangu hapo, miaka minne, sijawahi kumwamkia. Tukionana asubuhi, salamu yangu ni andazi lake mdomoni mwangu.

Kwa hiyo ile siku ya kutoka maulidi niliingia ofisini kwake nikasema, neno kwa neno: "Mngoni, baridi yako imevuka kilima kwenda kuwapaka wajomba zangu unga. Mlishindwa kuwamaliza kwa mikuki, mmeona mtumie ukungu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Waambie wakande chapati," akasema, "mimi nitaleta mchuzi."

Nami nikacheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Nikatoka pale najiona mfanyakazi hodari, nimefikisha taarifa.

Haya yote nilimsimulia mjomba nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Alikuwa anakikunja kitambaa chake, pembe kwa pembe.

"Kwa hiyo ulimtania."

"Nilimwambia ukweli, mjomba."

"Ukweli wa mtani haujibiwi, Somoe. Unarudishiwa." Akamaliza kukunja. "Koki mnafungua saa ngapi?"

"Saa kumi. Maji ya chini yanataka muda wa saa sita kufika juu."

"Sasa ni saa nane na nusu."

Hakusema funga, hakusema usifunge. Alinikabidhi lile tawi, akaketi kwenye ngazi ya mnara kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

*

Nilimkuta Mbano katikati ya shamba, mstari wa sitini, pamoja na Bi Fatu Sowani, mkuu wa wavunaji. Bi Fatu ni mama wa Mkoe hasa, mwembamba, kisu kiunoni, na watu mia mbili humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza Mbano. Walikuwa wanaonja. Mbano anatema mbegu kwa adabu, Bi Fatu anatema kama anagombana na mtu.

"Mmwera huyo anakuja mbio," Mbano akasema. "Nani amewafukuza tena?"

"Mbano, nataka tuzungumze."

"Zungumza. Ila rudisha andazi la leo kwanza."

"Maua ya Namtamba yanakufa."

"Bado mko kwenye unga? Wiki ya tatu hii hamjapika chapati?" Akamgeukia Bi Fatu. "Kabila gani hili, wakipewa unga wanashitaki."

Bi Fatu akacheka. Na mimi, Mungu ananiona, tawi la maua yaliyokufa mkononi, nilihisi jibu linanipanda kooni, tena tamu kweli. Nilikuwa nalo tayari. Ningelisema, tungecheka wote watatu, halafu ingefika saa kumi.

Nikasimama wima. Nikayakunja magoti kidogo, nikainamisha kichwa kama ninavyofanya kwa mjomba.

"Shikamoo, mzee Mbano."

Zabibu aliyokuwa anaipeleka mdomoni ikaishia njiani. Bi Fatu akaacha kutafuna.

"Nani amekufa?" Mbano akauliza kwa sauti ya chini.

"Niitikie kwanza."

"Marahaba," akasema, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo asioujua uzito.

Nikampa tawi. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu nisiyemjua: koki kumi na mbili, ukungu unavuka, umande mpaka saa nne, nusu ya kijiji imekwisha, nusu inachanua sasa hivi. Yeye ni mtu wa mimea, hakuhitaji maneno mengi. Alipitisha kidole juu ya ua, akakitazama kidole.

"Wiki tatu," akasema. "Ulikuja ukaniambia."

"Nilikuja."

"Na mimi nikaleta habari za mchuzi."

Alivua miwani yake, na safari hii si kwa kucheka.

"Turudi kwenye koki nane," akasema.

"Ijumaa iliyopita tulifunga nne kwa matengenezo. Nimeangalia vipimo. Kwa kusi hii na bahari hii, umande ulifika Namtamba vilevile, ukakauka saa tatu badala ya saa nne. Ubwiriunga haudai baridi yote. Unataka majani yaliyolowa tu."

"Kwa hiyo ni zote au hakuna."

"Ndiyo."

Akashika kishada kilichokuwa karibu, akakipima kiganjani bila kukichuma. "Unajua hizi zimelelewaje? Zimelelewa ndani ya ukungu tangu zikiwa kama punje za mtama. Ngozi yake nyepesi kama ya mtoto mchanga. Leo usipoziletea baridi, zitakesha macho zikipumua na kuunguza uchachu wote. Siku tatu, nne, huna mvinyo. Una sharubati. Na jua la kwanza la asubuhi lisilo na ukungu litazipasua." Akanitazama. "Nikuulize kitu, na unijibu kama ulivyoniamkia. Mikorosho ile isingekuwa ya ukoo wako, ungekuja mbio?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Sijui," nikasema.

"Basi tuko sawa. Mimi pia sijui kama ningecheka iwapo ua hilo lingekuwa la zabibu."

"Mnazungumza kama vile mimi ni nguzo ya waya," Bi Fatu akasema. Sote tukamgeukia. "Watu wangu mia mbili wameinama humu tangu mwezi wa tano. Kuna wenye watoto mgongoni. Mikorosho hawana, wana zabibu hizi. Wewe Somoe ukifunga koki zako, usije ukanieleza sababu. Nitalisikia joto mwenyewe."

"Bi Fatu..."

"Sijamaliza. Hivi katika wote mliosoma, hakuna aliyeuliza kama zinaweza kuvunwa?"

"Ni chachu bado," Mbano akasema.

"Ndimu ni chachu na watu wanagombea."

Mbano akaitupa mdomoni ile zabibu iliyokuwa imesubiri muda wote huo, akatafuna macho yakiwa kilimani. "Kuna mvinyo wa mapovu," akasema mwishowe. "Ule huvunwa hivi hivi, uchachu ukiwa bado unang'ata. Sijawahi kuutengeneza. Naweza kuuharibu wote. Lakini zitoke shambani kesho na kesho kutwa, tena kabla jua halijapanda. Likizikuta zikiwa na joto, mchezo umekwisha."

"Kwa asubuhi mbili nahitaji watu wengine mia mbili," Bi Fatu akasema. "Mkoe nzima ninayo tayari, mpaka vikongwe."

Wakanitazama mimi. Hakuna aliyetaja Namtamba. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

*

Sasa oneni shida yangu. Mbano nilishindwa kumwambia neno zito kwa sababu ni mtani. Mjomba sitaniani naye hata kwa ishara, na jambo nililokuwa nakwenda kumwambia lilihitaji sana mzaha.

"Unataka," mjomba alisema baada ya kunisikiliza, "nisimame baada ya magharibi niwaambie waumini wakachume pombe."

Kila mwezi wa kumi na moja Namtamba yenyewe hukamua mabibo. Uraka, pombe ya mabibo hayo, unatiririka nyuma ya nyumba za watu ambao majina yao sitayataja kwa kuwa wengine ni wa ukoo, na mjomba hupita njiani ameshika pua. Haya yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaung'ata.

"Ndiyo, mjomba."

"Na nikikataa, utafungua koki?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia tangu saa nane. Nilikuwa nikikimbia kweli, shati limenilowa. Ningeweza kumtisha: msipokuja, nafungua. Ingekuwa silaha nzuri. Angekuja.

"Hapana," nikasema. "Nafunga, mje msije. Ila mkikaa nyumbani, watu wa Mkoe watakuwa wamepoteza chao kwa ajili ya maua yenu, na ninyi mtakuwa mmekaa kivulini mkiyatazama yanavyopendeza."

Sijawahi kumwambia mjomba maneno ya namna ile. Nilisubiri kofi. Mjomba Akibu aliinuka, akapangusa kanzu yake nyuma, akapanda baiskeli. Akashuka barabara akikanyaga, na hakuaga.

*

Chumba cha koki kina kiti kimoja na kioo kimoja. Kila siku saa kumi kasoro dakika tano kioo huuliza, kwa maandishi ya kijani: Fungua? Kwa miaka minne nimebonyeza ndiyo huku natafuna kitu. Siku hiyo nilibonyeza hapana, na kioo kikageuka chekundu, kikaandika jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hapana ilihitaji kidole cha pili. Kidole cha mkuu wa shamba.

Kumbe wenye mtambo walijua kwamba siku moja mtu kama mimi atakaa kwenye kile kiti. Wangenichora basi kwenye chupa.

Mbano alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Kioo kilianza kuhesabu: kisipopata kidole cha pili ndani ya dakika tatu, kitafungua chenyewe.

"Wenye mali watanipigia simu kesho," akasema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilionywa wiki tatu kabla, nikacheka." Alikuja mpaka mezani. Dakika mbili. "Nina watoto wawili chuoni, Somoe. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba nilifikiria hilo pia."

Akaweka kidole. Kioo kikakataa. Vidole vyake vilikuwa na utomvu wa zabibu, vinanata. Akakipangusa kwenye shati, akaweka tena, kikakataa tena. Nikamrushia kanga yangu ya kufutia vioo. Akafuta kidole kimoja kimoja, vyote kumi, kama mtu anayetawadha, ilhali kilichotakiwa ni kimoja. Sekunde arobaini. Akaweka.

Mabomba yana mngurumo wa kusubiri ambao huusikii mpaka unyamaze. Ukanyamaza.

"Asante, Somoe," akasema, akatoka. Hakuniita Mmwera. Nilibaki nimekaa, nikagundua kwamba ningetoa maandazi ya mwaka mzima aniite.

*

Alfajiri niliamka kwa jasho. Nilikuwa nimesahau jasho la alfajiri. Mkoe ilikuwa na miaka minne ya kujifunika blanketi kama Njombe. Nilipofika shambani hakukuwa na ukungu hata wa kufichia kuku. Kilima cha Likonde kilisimama uchi mbele yangu, kila jiwe lake, na nyota za mwisho zikining'inia juu yake.

Bi Fatu na watu wake walikuwa wamekwisha anza, taa vichwani, visu vikienda. Walinipa kapu. Hakuna aliyenisalimu. Nilikata vishada nikiwa mbichi wa kazi ile, natazama barabara zaidi ya ninavyotazama kisu, mpaka nikajikata kidole gumba.

Saa kumi na mbili na robo nikasikia kengele ya baiskeli.

Watu wa Namtamba walikuja kwa miguu nyuma ya mjomba, wanawake kwa kanga za kazi, wanaume na kofia zao, na matenga ya korosho vichwani. Sikuweza kuwahesabu. Hawakuwa mia mbili; kama mia moja na ishirini hivi. Baadaye nilisikia kwamba msikitini walibishana mpaka isha, na wapo waliosema heri maua yote yafe. Walifika getini wakasimama, hakuna mguu hata mmoja uliovuka mstari wa geti. Wavunaji wa Mkoe nao wakaacha visu. Wakawa wanatazamana, upande wenye matenga na upande wenye makapu, na jua halisubiri mtu.

Mbano akateremka kutoka kwenye mashine ya kukamulia. Mjomba akamsubiri amkaribie.

"Bwana mkubwa," mjomba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa mwisho, "nina swali moja. Hili lililoko mtini, leo, ni tunda au ni pombe?"

Mbano alifikiri. Kweli alifikiri, nilimwona.

"Leo ni tunda," akasema. "Kesho kutwa sikuahidi."

Mjomba akawageukia watu wake. "Mmesikia. Leo ni tunda. Kesho kutwa hatupo." Kisha akamgeukia Mbano tena. "Na wewe Mngoni, toka mlangoni tupite. Mlipokuja kwetu hamkubisha hodi."

Mjomba Akibu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka hata kwenye harusi yake ya pili, alikuwa anamtania mtu. Mbano alimkodolea macho, halafu tumbo lake likaanza kutikisika, kicheko kikatoka, kikafuatwa na cha geti zima.

Namtamba wakaingia.

Hatukumaliza. Lazima niseme hivyo, maana siku hizi wanaosimulia husema tulimaliza. Asubuhi ile na iliyofuata tulitoa theluthi mbili. Mistari ya chini, ile iliyoelekea bahari, jua liliikuta. Nilizisikia zabibu zikipasuka, mlio mdogo kama mtu anayevunja vidole, halafu nyigu wakaja. Bi Fatu alisimama hapo akitazama mistari ya watu wake ikichuruzika. Nilikwenda kusimama karibu naye. Nilikuwa na la kumwambia, nikaliacha.

"Unakata juu mno," akasema, bila kunitazama. "Unaacha nusu ya kishada. Njoo nikuoneshe."

Upande wa Namtamba, maua yaliyokufa hayakufufuka. Lakini majani yalikauka saa moja na nusu, siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na yale maua ya mwisho yakafunguka na wekundu wao wa mbali. Mjomba aliniletea tawi jingine. Alilisimamisha tu kwenye chupa ya maji pale mnarani na kuondoka.

Siku ya nne Mbano alipanda ngazi zote za mnara, jambo ambalo mwili wake haulipendi. Alisimama akihema. Wenye mali walikuwa wamepiga simu, hilo lilionekana usoni; walisemaje, hakusema. Alitazama ghuba, akatazama kilima.

"Mzabibu wa huku hauna msimu," akasema. "Ulaya unalala wenyewe na kuamka wenyewe. Huku unaamka siku unapoukata matawi, na miezi minne na nusu baadaye unavuna. Mimi nilichagua tuvune mwezi wa nane kwa sababu kusi inanibebea ukungu vizuri. Niliangalia upepo, nikaangalia bahari, nikaangalia mvua. Sikumuuliza mtu yeyote wa nyuma ya kilima mikorosho yake inachanua lini."

"Umechelewa kidogo," nikasema.

"Ndiyo. Sasa nakuuliza wewe. Msimu ujao tukate matawi lini?"

Mzaha ukanijia, papo hapo, mzuri kuliko yote niliyowahi kumpa, wenye mikuki na mapango ndani yake. Alikuwa amesimama pale, jasho likimtiririka, akisubiri. Alikuwa ametoa kalamu.

"Nipe mpaka kesho," nikasema. "Nikatembee Namtamba, mti kwa mti, kisha nitakujibu."